Semina ya Uongozi Raskazone: Siku ya Kwanza Inalipa, ya Pili Imepwaya

Nililipa shilingi 120,000 kuhudhuria semina ya siku mbili katika ukumbi mmoja wa Raskazone, Tanga, iliyohusu namna ya kuoanisha mtindo wa uongozi na mahitaji ya taasisi yanayobadilika. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, na kilichonipeleka huko ni kwamba wanachama wetu siku hizi huomba mkopo kwa simu ndani ya dakika moja, ilhali hakuna mkopo unaotoka bila saini ya mwenyekiti, naye akisafiri, kazi husimama.

Mwezeshaji alianza na nadharia ya wataalamu wa uongozi Hersey na Blanchard ya mwaka 1969, inayomtaka kiongozi aelekeze, ashawishi, ashirikishe au akabidhi kazi kwa kadiri ya uwezo na utayari wa anaowaongoza, kisha akamtaka kila mmoja wetu atoe mfano wake. Mama mmoja anayesimamia kikundi cha wauza samaki wa soko la Deep Sea aliinuka, akapiga meza kwa kiganja: "Mwanangu, alfajiri ngalawa zikishusha samaki mimi naamrisha tu, maana barafu haingoji kikao. Jioni tukigawana fedha nikiamrisha vilevile, kesho nitabaki peke yangu." Slaidi zote tulizoonyeshwa baadaye hazikulifafanua somo kuliko hapo.

Siku ya pili nilitarajia tuugeukie muundo wa taasisi yenyewe, kwa kuwa watafiti Burns na Stalker walikwishaeleza mwaka 1961 kwamba utaratibu wa ngazi na amri hufaa pale mazingira yanapotulia, na huelemewa yanapobadilika upesi. Badala yake tulijaza dodoso la haiba mpaka saa saba mchana. (Samaki wa kupaka wa chakula cha mchana, niseme kweli, hakuwa na kasoro.) Nilipouliza iwapo si rahisi zaidi kuibadili kazi imfae kiongozi, kama alivyoshauri mwanasaikolojia Fiedler miaka ya 1960, yaani kumpunguzia mwenyekiti wetu saini badala ya kumfundisha tabia mpya uzeeni, nilijibiwa kwamba hilo ni la semina nyingine, yenye ada yake.

Anayeanza kuongoza kikundi kidogo atafaidika, hasa akikubaliwa kulipia siku moja tu. Sisi tumekwisha kupitisha azimio kwamba mikopo isiyozidi laki tano iidhinishwe na meneja pamoja na mhasibu, na mwenyekiti aipitie mwisho wa mwezi.