Kifaa cha kuunganisha mshipi na lida: kagua kinapougusa mshipi kabla hujatoa pesa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vifaa vya kufungia mafundo yanafanana mno. Mtu kanunua kifaa, kafunga fundo la FG, lile la kuunganisha mshipi wa kusuka na lida (kipande cha uzi kinachokaa kati ya mshipi na chambo), limetoka limenyooka vizuri, kalivuta kwa mikono miwili na halikuteleza. Samaki wa kwanza mwenye nguvu kaondoka na chambo, lida na fundo lenyewe. Hapo lawama zote zinamwangukia mshipi: eti ni feki, eti umeliwa na jua.

Usiutupe kwanza. Tazama ncha iliyokurudia. Ikiwa imejikunjakunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta, fundo liliteleza, nawe hukulikaza vya kutosha. Ikiwa imechanika na kutoa vinyweleo, na unajua hapakuwa na mwamba, mshuku kifaa. Ukitaka uhakika, livunje fundo jingine nchi kavu. Funga lida kwenye nguzo, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti, vaa miwani, uvute mpaka kitu kikatike. Usiuzungushie kiganjani, utajikata. Ukiona mshipi umekatikia sentimita chache juu ya fundo, na umerudia ikawa vile vile, basi fundo lako halina hatia. Mshipi ulikuwa umeshanyolewa kabla hujaingia majini.

Kasoro hii haizungumzwi na wauzaji, na ndiyo ninayoitumia kupanga vifaa vyote hapa chini. Uzito wa kifaa, rangi yake, kama kina taa au hakina, hayo mtasimuliwa na kila mtu.

Mshipi wa kusuka umetengenezwa kwa polithilini, kwa kawaida nyuzi nne au nane zilizosukwa pamoja, na kila moja ni fungu la vinyuzi vyembamba kuliko unywele. Kwa kuvutwa ni mkaidi sana, ila haunyumbuki. Vinyuzi vichache vikikatwa, mzigo wao unahamia kwa vilivyobaki, na hakuna dalili utakayoiona kwa macho ukiwa umeshika fimbo. Sifa ya FG ni kwamba lida haikunjwi hata kidogo. Mshipi ndio unaojizungusha juu yake, huku na huku, na ukikazwa unajizamisha kwenye lida. Ndiyo maana ni jembamba na hupita kwenye vipete vya fimbo bila kugonga. Sasa fundo la namna hiyo ulifungie kwenye kifaa kinachoparuza mshipi pale pale juu yake, umepata faida gani?

Mahali pa kukagua ni patatu. Kwanza, pembe au ndoano ambako mshipi unazungushiwa ili ukae umevutika. Pembe nyingi za plastiki zina mshono mwembamba, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na mshono huo una ukali wa kutosha kuharibu. Pili, mwanya wa kubania mshipi, hasa wa chuma kilichokatwa bila kupigwa msasa. Tatu, kwa vifaa vya bobini (kigurudumu kinachoviringishiwa mshipi, kisha kikazungushwa kuizunguka lida), mdomo wa mrija au tundu mshipi unamotokea, kwa sababu hapo unapita ukisuguana kila mzunguko.

Chukua pamba, inyofoe iwe laini, uipitishe taratibu kwenye kila sehemu hizo. Ikinasa hata unyuzi mmoja, rudisha kifaa kwenye kasha. Kucha pia hufaa kwa mshono wa plastiki: ipitishe upande kwa upande, utausikia ukikwaruza. Muuzaji akikataa usifungue kasha, hilo lenyewe ni jibu.

Namba moja kwangu ni Knot Assist 2.0 ya Daiichiseiko, kampuni ya Japani. Nina upendeleo nayo, sifichi. Hukunjwa ikaingia mfukoni, na ukiifungua mikono yake huushika mshipi umevutika, nawe unabaki na mikono yote miwili kwa kazi ya kuizungusha lida. Hicho ndicho kinachowashinda wengi kwenye FG. Fundo hilo linataka mshipi uwe umekaza tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, na ukilegea katikati, mizunguko inapandana na unaanza upya. Watu hung'ata mshipi kwa meno, hubana fimbo magotini, huomba msaada kwa jirani. Hii inakusitiri na hayo yote. Zile nilizozishika mimi pamba imepita bila kunasa.

Ina upungufu wake. Haimalizi kazi. Mizunguko ikishatimia, bado ni wewe wa kufunga mafundo nusu ya kufungia, kulowesha kwa mate au maji, na kukaza kwa nguvu mpaka mizunguko ibadilike rangi ikolee. Rangi isipokolea, fundo halijashika, kifaa kiwe cha nani. Na wakati wa kumalizia, wale wenye mazoea ya kuchoma ncha ya lida kwa kibiriti waangalie: polithilini huyeyuka kabla ya nyuzijoto 150 za Selsiasi, lida ya florokaboni inangoja mpaka karibu 170. Moto unaoigusa lida tu umeshaumaliza mshipi ulio jirani. Mimi naikata kwa mkasi mkali, basi.

Namba mbili ni bobini ya fundo la PR, fundo jingine la kuunganisha mshipi na lida, kwa wanaovua samaki wakubwa kwa lida nene. Unaviringisha mshipi kwenye bobini, unaizungusha kuizunguka lida, na uzito wake ndio unaokaza. Fundo linalotoka ni refu, limebana, na sina la kulikosoa kwa nguvu. Lakini hapa ndipo ule ugonjwa wa mdomo unapoua. Nunua yenye mdomo wa kauri au wa chuma kilichong'arishwa kikang'aa ndani pia. Wauzaji hung'arisha nje kwa ajili ya picha na ndani wakaacha msumeno. Pindua kifaa kwenye mwanga, tazama ukingo wa ndani, kisha pitisha pamba. Angalia pia skrubu ya kurekebisha ukazaji. Bobini isiyorekebishika inakaza mshipi mwembamba kupita kiasi na mnene inauachia, na huo si ukazaji, ni bahati nasibu. Kwenye mashua inayoyumba, vilevile, kuirusha bobini mduara ni shughuli; hiki ni kifaa cha kutumia nyumbani, jioni ya kuamkia safari.

Namba tatu haiuzwi: mikono yako. Fundo la uni mara mbili, au la Alberto, halihitaji kifaa chochote. Ni manene zaidi na yatagonga kwenye vipete ukirusha na lida ndefu. Kwa lida fupi inayobaki nje ya vipete, sioni sababu ya mtu kununua kitu. Ningewashauri wanaoanza waishi na uni kwanza.

Tie-Fast naitaja kwa kuwa huulizwa. Ni kidude kizuri cha chuma cha fundo la msumari, kimetengenezewa wavuvi wa chambo cha nzi, ambao mshipi wao ni mnene na una ganda. Kwa mshipi wa kusuka si mahali pake.

Vya bei ya chini kabisa, vile vya plastiki vinavyoahidi mafundo yote kwa kifaa kimoja: mshono, mshono, mshono. Ukishakuwa nacho, usugue pembe zake kwa msasa laini sana na umalizie kwa kitambaa. Kinaweza kukufaa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kifaa kile kile, kalibu ile ile, huuzwa kwa majina tofauti na bei zilizopishana mara mbili au tatu, na picha iliyoibwa kutoka kwa chapa ya Kijapani. Ukimuuliza muuzaji kama ni cha FG au cha PR, anajibu "kinafunga vyote, dada." Havifungi vyote! Kimoja huushika mshipi ukatulia, kingine huuzungusha. Anayeuza bila kujua tofauti hiyo hajawahi kufunga hata kimoja, na bado atakufundisha.

Mchezo huo umeingia hadi kwenye mishipi yenyewe. Kwa kipimo cha Japani, PE namba 1 (PE ni polithilini, namba ni ukubwa wa mshipi) ni denia 200, yaani mita 9,000 za mshipi huo zina uzito wa gramu 200. Ni kipimo cha uzito wa uzi, hakibishaniwi. Lakini utaona lebo za namba 1 juu ya mshipi ambao ukiulaza kando ya namba 1 ya kweli ni mnene waziwazi, na ndiyo maana "nguvu" iliyoandikwa inaonekana kubwa. Mnunuzi anarekebisha skrubu ya bobini kwa namba aliyoisoma, ukazaji unakuja tofauti, fundo linaharibika, kisha anaambiwa hajui kufunga. Ulaze mshipi mpya kando ya ule unaouamini kabla hujagusa skrubu.

Kama tayari una bobini yenye mdomo mkali na hutaki kuitupa, iachie kazi ya mishipi ya nailoni isiyosukwa. Ule ni uzi mmoja mzito wenye kunyumbuka, na mkwaruzo mdogo unauona kwa kuupitisha kati ya vidole. Mshipi wa kusuka usiupitishe tena humo.