Waifai moja, mawifi watatu: uzoefu wangu na rauta ya laini

Nyumba yetu iko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, ya mawe na chokaa, kuta zake nene kama za ngome. Tunaishi watu wanane: mie, mume wangu, watoto wawili, mavyaa na mawifi watatu. Intaneti ni moja tu, rauta ya 4G ya kutia laini ya simu niliyoinunua Darajani miezi saba iliyopita.

Kwenye boksi wameandika vifaa 32 na kasi hadi Mbps 150. Mie kasi kubwa niliyowahi kuiona ni 22, tena alfajiri. Baada ya Isha inashuka hadi 3, na vifaa vikifika kumi kila mtu anaona duara linazunguka.

Mwanzo niliiweka ukumbini. Chumba cha mavyaa, mlango wa pili tu, hakikupata kitu. Nikaihamishia dirisha la ngazi, linalotazama mnara wa simu, nikaiacha kwenye mawimbi ya GHz 2.4, ile ya 5 ina mbio lakini kuta hizi haizipenyi. Sasa hata jikoni inafika.

Shida kubwa ikawa bando. GB 30 za mwezi ziliisha siku ya sita! Lawama zote zikamwangukia wifi mkubwa, mpenzi wa video za mapishi, maana video ya 720p hula kama GB 1 kwa saa. Akaapa si yeye. Nilipotia bando jingine nikaamka saa nane za usiku, nikafungua 192.168.8.1, ukurasa wa mipangilio ya rauta, kwenye simu, nikaitoa simu yenyewe kwenye waifai na kuangalia kwa data ya simu. Haikufunguka, bila shaka. Ukurasa ule ni wa ndani ya nyumba. Nikarudi waifai. Kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa tulikuwa wawili tu, mie na kompyuta ya mume wangu, na namba ya kushusha inapanda mbio. Windows ilikuwa inajisasisha, mwenyewe anakoroma. Nikaiwekea kwamba intaneti hii ni ya kupimwa (metered), yaani isishushe ovyo, ikatulia. Wifi nilimwomba radhi kwa mkate wa kumimina.

Mavyaa aliposikia kisa alicheka mpaka akakohoa. Zama za marehemu mzee walikuwa na modemu ya 56k kwenye laini ya simu ya mezani. MB 1 ilichukua dakika mbili na nusu, ikikimbia kweli. Kompyuta mbili waliziunga kwa waya, na ya mzee isipowaka ya mtoto haipati kitu. Mavyaa akinyanyua simu kumpigia dada yake Wete, juu wanapiga ukelele: "Mama, umetukata!" Mzee akabandika karatasi ya zamu ukutani. Nami nimebandika yangu mlangoni: video baada ya saa nne usiku, siku za skuli watoto hawamo.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu rauta haina betri. Umeme ukienda nayo imekwenda, na sisi tuliokaa miezi mitatu gizani kuanzia Disemba 2009 jambo hilo tunalitazama kabla ya bei. Yangu inataka volti 12, na pawabenki ya kawaida inatoa 5, kwa hiyo nunueni na ule waya wa kupandisha volti.