Jumong ya Kiswahili kwenye flashi: dijei kaniharibia kifo cha Haemosu

Jumong naipenda kuliko tamthilia nyingine yoyote ya Kikorea, ndiyo maana hili siwezi kulinyamazia. Nazungumzia ile iliyotafsiriwa na dijei anayeongea Kiswahili juu ya video, inayojazwa kwenye flashi na banda moja la muvi upande wa Kilombero hapa Arusha. Hadithi mnaijua: Jumong anakua mpaka anausimamisha ufalme wa Goguryeo. Kilichonichefua ni sehemu anayouawa Haemosu.

Mtu amepofushwa, kakaa gerezani pangoni miaka na miaka, sasa anamfundisha Jumong upanga na mshale, na Jumong hajui kuwa mwalimu huyu ni baba yake mzazi. Sisi tunajua, yeye hajui, na utamu wote uko hapo. Halafu wana wa mfalme Geumwa, Daeso na Youngpo, wanamuua. Maneno pale ni machache. Muziki na ukimya ndivyo vinavyokuliza. Dijei kafanya nini? Kaongea mwanzo mwisho! Anasimulia upanga ambao kila mtu anauona, anawahi kueleza namna Jumong atakavyokuja kujua ukweli, halafu anataja namba yake ya simu. Namba ya simu, jamani! Haemosu anakata roho, mtu anatangaza biashara.

Kosa lingine ni la sauti, na linarekebishika. Anazima kabisa sauti ya asili, anabaki yeye tu. Sauti ya asili ishushwe pale anapoongea tu, tena isizimwe, isikike kwa chini ili ujue nani anafoka na nani analia. Akinyamaza, ipande. Hata Audacity, programu ya bure, inaweza kushusha na kupandisha yenyewe, hakuna haja ya studio ya gharama. Na ule mwangwi unatokana na kurekodia kwenye chumba kitupu. Magodoro mawili yakiegemezwa ukutani, moja nyuma ya mzungumzaji, yangeupunguza sana.

Sisemi kutafsiri ni kubaya. Bila madijei, wazee wetu wengi wasingemjua Soseono, mwanamke anayempenda Jumong, wala Mopalmo mfua vyuma. Na huyu huyu, kwenye mapigano yuko vizuri, majina hayachanganyi, akimwigiza Mopalmo unacheka mpaka basi. Kwa hayo ningempa nyota nne kati ya tano bila kusita. Ila kila nikiikumbuka ile namba ya simu naona hata mbili ni nyingi.

Banda lenyewe ndilo limenimaliza. Jumong ina sehemu 81. Zikiwa na megabaiti 350 kila moja, jumla ni kama gigabaiti 28. Flashi iliyoandikwa gigabaiti 32 kompyuta inaisoma 29 na ushee, kwa hiyo zinaingia kwa kubanana. Zikiwa za megabaiti 400, haziingii zote. Kijana wa pale hilo analijua vizuri, ila badala ya kukwambia ulete flashi ya 64, za mwisho anaziacha kimya kimya. Ukimuuliza: "Kaka, hiyo inaishia hapo." Inaishiaje hapo wakati hadithi haijafika mwisho? Bora angesema nafasi imejaa, ningemwelewa. Kunidanganya usoni kuhusu tamthilia ninayoijua nje ndani, hapana.

Mafaili nayo ameyaita 1, 2, 3 mpaka mwisho. Runinga nyingi hupanga majina kwa tarakimu ya kwanza, kwa hiyo baada ya 1 inakuja 10, kisha 11, na 2 unaikuta mbali huko. Mtu asiyeijua hadithi atadhani dijei amechanganyikiwa. Dawa ni kuandika 01, 02, 03, kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Tena anachomoa flashi mara tu mstari wa kunakili unapopotea, wakati kompyuta bado inamalizia kuandika. Jina la faili unaliona, ukilifungua linakatika katikati au halichezi kabisa. Aitoe kwanza kwenye kompyuta kwa amri yake, ndipo aichomoe.

Ukienda, usilipe kabla hajakuwashia sehemu ya kifo cha Haemosu pale pale. Dijei akiongea juu ya ukimya, irudishe. Halafu fungua faili la 81 na ulisogeze mpaka dakika za mwisho uone kama linacheza. Uliza pia kama wana faili la video la aina ya MKV lenye sauti mbili, ya dijei na ya asili, maana hilo unabadilisha kwa rimoti: mapigano unamsikiliza dijei, akifa Haemosu unarudi kwenye Kikorea. Wakikuambia halipo, chukua ya Kikorea yenye maandishi chini, ila hakikisha faili la maandishi lina jina lile lile la video, la sivyo runinga nyingi haziyaonyeshi.