Meko ya umeme ya ukutani: moto feki, raha ya kweli

Jamani hii meko ukuta wake nimejenga mwenyewe, fremu ya mbao na jipsam juu yake, wikiendi mbili vumbi mpaka kwenye nywele. Moto ni taa za LED tu ila ukizima taa za sebuleni unaweza kuapa kuni zinawaka. Joto lipo, hita wati 1500 yaani kama ampea 6.5 kwa volti 230, kwahiyo usithubutu kuchomeka kwenye ekstensheni, mwite fundi umeme akuvutie laini yake. Kosa langu nilikata tundu kabla ya kusoma vipimo, likapungua sentimita mbili, saa nne usiku nakwangua jipsam na kisu mama watoto ananicheka tu. Halafu kifeni kinavuma, TV lazima uongeze sauti.