Kura yako: Faza au Malindi?
Sisi watu wa Faza, kisiwani Pate, Lamu, tunaofanya kazi Malindi huulizana kila mara: tujiandikishe wapi? Kujiandikisha, iwe Faza au Malindi, ni bure, kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Tofauti ni siku ya kura. Malindi unatembea hadi kituoni. Faza ni basi mpaka Mokowe, kisha boti, na uchaguzi wa Agosti 2027 utaangukia kusi, bahari ikiwa kali. Lakini ukipigia Malindi unamchagua gavana wa Kilifi, si wa Lamu. Zahanati ya kwenu, alipo mamako, huna sauti nayo. Hilo huniuma. Mwenye watoto shuleni Malindi, ajiandikishe huko. Anayejenga Faza, kwao. Kuhamisha kunawezekana, ila ufike mwenyewe ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge unalohamia, kabla daftari la wapiga kura halijafungwa.