Kisanduku Kilichomnyima Mama Yangu Sauti

Nianze kwa kusema kwamba sikushauri ununue kisanduku hiki, ingawa huenda nikalegeza maneno kabla sijafika mwisho, kwa kuwa hasira yangu imekuwa ikipanda na kushuka tangu Desemba iliyopita. Ni kile kisanduku cheusi kinachounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI, ambacho unachomeka flashi au hadi diski ubavuni mwake na kutazama video zako mwenyewe bila kutegemea intaneti wala kifurushi cha kingamuzi. Nilikinunua hapa Moshi mjini, katika duka lililo karibu na Mnara wa Saa, kwa shilingi 85,000 baada ya kuombana sana bei. Mengine yote yameandikwa kwenye boksi lake na sitayarudia.

Sababu yangu ya kukinunua ilikuwa moja tu. Miaka kadhaa iliyopita, mama yangu alipotimiza miaka 90, tulimfanyia ibada ya shukrani nyumbani Marangu, na mpwa wangu akairekodi ibada nzima kwa kamera ya video ya mkononi. Mwishoni mama alisimama, mkononi jani la sale, mmea tunaouheshimu Wachaga, akatubariki kwa Kichaga, mtoto mmoja mmoja kwa jina lake, kwa sauti yake ile ya kukwaruza ambayo hakuna mwingine katika ukoo aliyeirithi. Sasa mama hayupo, na nina wajukuu watatu ambao hawakuwahi kumsikia. Kwa hiyo watoto walipopanda kuja Kilimanjaro kwa Krismasi, kila mmoja na familia yake, niliwaambia kwamba usiku wa pili baada ya chakula watakutana na mama yangu.

Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye mikeka. Nilichomeka flashi, nikabonyeza, na picha ikatokea nzuri kuliko nilivyotazamia, hata majani ya migomba nyuma ya turubai yalionekana moja moja na vitenge vya akina mama vikang'aa kama vimenunuliwa jana. Kisha tukasubiri sauti. Kwaya ya mtaa ilifumbua vinywa, ikafumba, ikafumbua tena, mpiga ngoma akapiga ngoma isiyolia, mchungaji akainua mikono akihubiri kimya. Tuliongeza sauti ya runinga mpaka mwisho, na mtu alipobonyeza rimoti kwa bahati mbaya tukarudi kwenye kingamuzi, mtangazaji wa habari alitupigia kelele iliyomfanya mtoto mchanga aangue kilio. Tulirudi kwenye video. Mama yangu alikuwa amesimama sasa, midomo ikicheza, jani likitikisika, na mjukuu wangu wa miaka mitano akaniuliza, "Bibi, kwani yeye ni bubu?"

Usiku ule, kama ningeombwa kukipa kisanduku hiki nyota, ningeomba kwanza nirudishiwe zile nilizowahi kuvipa vyombo vingine.

Siku ya kufungua maduka nilikirudisha. Kijana aliyeniuzia, ambaye wakati wa kuniuzia alikuwa ameniita mama kila baada ya neno la tatu, safari hii hakuniamkia. Mimi ndiye niliyemsalimia, naye akaitikia kwa kidevu, vipokea sauti vikiwa masikioni. Nilimweleza taratibu kwamba picha ipo na sauti haipo. Hakukifungua kisanduku wala hakukichomeka popote. Alisema video yangu imeharibika, kwamba hizo za zamani ndivyo zilivyo, na kwamba kwa shilingi 20,000 angeweza "kuibadilisha" nikaifuate kesho. Akanielekeza kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Niliondoka, nikarudi mchana na mwanangu wa mwisho akiwa na laptop yake. Aliiweka juu ya kaunta, akafungua faili lile lile kutoka kwenye flashi ile ile kwa VLC, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuiweka, na sauti ya mama yangu ikatoka ikajaa duka. Mteja mmoja wa kike, naye mwenyeji wa Marangu, aliacha chaja aliyokuwa akiichagua na kuitikia baraka. Yule kijana alitazama, akatoa kipokea sauti kimoja sikioni, akasema, "Kumbe mnayo laptop? Si muangalie humo."

Nimefundisha shule kwa miaka mingi na nimejibiwa vibaya na watoto wa kila aina, lakini jibu lile nimelala nalo zaidi ya mwezi. Nakiri kwamba baadhi ya ninayosema dhidi ya kisanduku hiki huenda yanamhusu yeye, na nimejaribu kuyatenganisha bila kufanikiwa sana.

Chanzo chenyewe mwanangu alikipata siku chache baadaye. Kamera ile hurekodi kwa mtindo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutambulisha mwaka 2006, na katika mtindo huo sauti mara nyingi hufungwa kwa njia iitwayo AC-3, yaani Dolby Digital. Picha zake hufungwa kwa njia iitwayo H.264, ambayo karibu kila chombo siku hizi kinaijua, ndiyo maana tuliona migomba vizuri. Sauti ya AC-3 inahitaji chombo kiwe na uwezo wa kuifungua, na kwa miaka mingi uwezo huo ulilipiwa leseni, hivyo watengenezaji wa vyombo vya bei ya chini waliuacha nje ili kubana gharama. Nilipoelewa hapo nilianza kumhurumia mtengenezaji, mpaka mwanangu aliponiambia kwamba hataza za mwisho za AC-3, yaani haki za kisheria za wavumbuzi wake, zilikwisha mwaka 2017. Kisanduku changu ni kipya. Huruma ikaisha.

Hata hivyo alichimba kwenye menyu, ambayo yote ni ya Kiingereza na maandishi yake ni madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa, akakuta sehemu ya sauti ikiwa imewekwa kisanduku kifungue sauti chenyewe. Aliibadilisha ili sauti ipitishwe kama ilivyo hadi kwenye runinga, kwa kuwa runinga yetu inao uwezo wa Dolby, na papo hapo kwaya ikaimba. Kazi ya dakika mbili! Kijana wa dukani angeweza kuifanya akiwa amesimama, na mimi ningemsifu kwa watu wote wa mtaa wa Soweto ninakoishi hapa Moshi.

Kwa muda wa wiki moja hivi nilikipenda kisanduku hiki. Baba watoto, ambaye hajali teknolojia, alijifunza kukitumia bila kufundishwa, na picha za harusi za watoto wetu zilizokuwa zimelala kwenye hadi diski tulizitazama zote. Nilikuwa tayari kuandika nyota nne. Tatizo lililobaki lilikuwa dogo na sehemu yake si kosa la kisanduku. Kadi ya kamera ilikuwa imepangwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja lifikie GB 4, hivyo kamera ilikuwa ikikata ibada vipande vipande yenyewe. Kila kipande kinapokwisha kisanduku hurudi kwenye orodha yenye majina kama 00001.MTS na kukaa hapo mpaka ubonyeze, badala ya kuendelea na kinachofuata kama laptop inavyofanya. Mkato mmoja umeangukia katikati ya baraka, mama akiwa amewataja kaka zangu wawili, na jina langu limebaki kwenye faili la tatu. Nilivumilia hilo. Kubonyeza mara moja si adhabu.

Kisha umeme ukakatika, kama unavyokatika, na uliporudi kwaya ilikuwa bubu tena.

Tumelijaribu jambo hili mara nyingi kiasi cha kutosha kulisema bila wasiwasi: ukikizima kisanduku kwa rimoti, kinakumbuka mpangilio wa sauti, lakini umeme ukikikatikia kikiwa kinafanya kazi, kinasahau na kurudi kilivyotoka kiwandani. Mtu aliyekitengeneza chombo cha kuuzwa Tanzania kisichoweza kuhimili kukatika kwa umeme hakika hajawahi kulala hata usiku mmoja hapa kwetu. Zile nyota nne nazifuta. Naacha mbili, ya picha na ya wepesi wa rimoti, na kama mtaa wako una umeme wa uhakika na runinga yako inafungua Dolby, basi ongeza ya tatu kwa hiari yako, ila ununue kwenye duka ambalo muuzaji atakubali kukichomeka mbele yako na kucheza faili lako mwenyewe, tena lile gumu kuliko yote uliyo nayo, kabla hujatoa pesa.

Leo umeme umerudi saa mbili kasoro asubuhi. Sijabandika chai kwanza. Nimekwenda kwenye menyu, nikashuka mistari sita ambayo sasa naijua kwa vidole, nikarekebisha sauti, nikafungua faili la tatu, na mama akaniita.