TAHADHARI: Jihadharini na muuzaji wa Porsche 911 za "kilometa chache"

Wakuu, habari zenu. Naandika haya kwa sababu wiki hii nimeona tangazo jipya lenye maneno yale yale yaliyoninasa mimi: "mmiliki mmoja, mzee, analitoa Jumapili tu, kilometa chache kuliko umri wake." Picha ni nyingine, muuzaji ni yule yule. Najua sasa hivi kuna mtu anajumlisha akiba yake. Kama ni wewe, usitoe hata arbuni kabla hujamaliza kusoma.

Kwake nilinunua Porsche 911 Carrera S ya 2006, gia za mkono, injini ya lita 3.8. Odomita ilisoma 38,400. Kwa ushahidi nilio nao leo, gari lile limeshatembea zaidi ya kilometa 112,600. Jina lake silitaji hapa, shauri liko kwa wanaohusika. Ila namna anavyofanya kazi nitaieleza yote ili ukikutana nayo uitambue.

Kwanza, hana papara. Ni mpole, anayajua magari, atakueleza tofauti ya 996 na 997, vizazi viwili vya 911 vilivyofuatana (langu ni 997), vizuri kuliko mafundi wengi. Hilo ndilo lililonilegeza. Nilipomwomba tulipeleke gari kwenye gereji ninayoichagua mimi, alisema bima haimruhusu kulitoa kwenye eneo lake, lakini nisihangaike, ukaguzi ameshaulipia yeye. Akanipa ripoti ya kurasa kadhaa, ina muhuri na sahihi. Nilikwenda kuliona mara mbili, na mara zote mbili nilikuta injini ya moto. "Nimetoka kulisogeza," aliniambia. Siku ya pili, tukiwa katikati ya mazungumzo, simu yake ikaita: kuna mteja mwingine yuko njiani, ana fedha taslimu. Nililipa arbuni pale pale, na siku mbili baadaye nikamalizia.

Wiki ya pili nikaanza kusikia mgongano mwepesi wa chuma asubuhi injini ikiwa baridi, unapungua ikipata moto. Nikaona pia bomba la moshi la upande mmoja lina masizi meusi ya mafuta kuliko la pili. Nikalipeleka kwa fundi anayezijua hizi gari, akaliunganisha na mashine ya kupimia. Hapa naomba msome polepole, maana hiki ndicho kitu ambacho ningekijua mapema nisingepigwa.

Kompyuta ya injini ya Porsche haihesabu kilometa, inahesabu saa. Kila dakika ambayo injini inawaka inaandikwa. Muuzaji akishusha odomita anashughulika na kile kinachosomeka kwenye dashibodi. Saa za injini zinakaa mahali pengine, na wengi wao hawazigusi. Gari langu lilikuwa na saa 2,610. Gawanya 38,400 kwa 2,610 unapata wastani wa kilometa 14 na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli. Gari linalotumika kwa mchanganyiko wa mjini na barabara kuu kwa kawaida wastani wake unaangukia kwenye 40 na kitu au 50. Na huyu alinieleza kwamba lilikuwa la matembezi ya Jumapili kwenye barabara zilizo wazi! Ukizidisha zile saa kwa 45 unafika karibu 117,000. Fundi hakusema neno, alinigeuzia tu kioo nisome mwenyewe.

Kompyuta hiyo hiyo inatunza kumbukumbu ya injini kuzungushwa kupita kiasi. Kwenye gari la mwaka wangu kumbukumbu hiyo ina ngazi mbili. Ya kwanza ni pale dereva anapokanyaga mpaka injini inafika kwenye kikomo chake. Kwa gari la michezo si jambo la kushangaza. Ngazi ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu kikomo cha umeme hakiwezi kuizuia: mtu ametaka kuingiza gia ya juu akaingiza ya chini, magurudumu yakailazimisha injini kuzunguka kuliko ilivyoundwa. Zinazohesabiwa ni cheche za plagi. Injini ya silinda 6 inapiga cheche 3 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika ni cheche 390 kwa sekunde moja. Langu lilikuwa na cheche 214 za ngazi ya pili, yaani kama nusu sekunde. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini kumbukumbu inaandika pia tukio la mwisho lilitokea kwenye saa ya ngapi, na langu liliandikwa saa ya 2,604. Saa 6 tu kabla ya siku ile ya vipimo! Nilipoangalia safari zangu mwenyewe za wiki mbili, nilikuwa nimeliendesha saa 4 na kitu tu, hazifiki 6. Maana yake kosa lile lilifanyika gari likiwa kwake, "limelala", likisubiri mnunuzi.

Matoleo ya kuanzia 2009 yana ngazi 6 badala ya 2, na zinazotisha ni zile za juu, ya 4 kwenda mbele. Omba karatasi ya vipimo hivyo. Muuzaji mwenye gari safi hana sababu ya kuificha, tena wengine wanaiweka wenyewe kwenye tangazo.

Baada ya hapo nikafanya kazi ambayo ningeifanya kabla ya kulipa. Nilikaa na kitabu cha sevisi nikapiga simu kwenye kila gereji yenye muhuri. Mihuri mitano ya mwanzo ilikuwa ya kweli. Gereji ya mwisho kati ya hizo walinisomea rekodi yao: gari lilipoingia kwao mara ya mwisho lilikuwa na kilometa 112,600. Ukurasa wa ziara hiyo ulikuwa umechanwa kwenye kitabu changu, na mbele yake kulikuwa na mihuri mitatu yenye wino mmoja na mwandiko mmoja, ingawa tarehe zake zinapishana miaka. Namba ya simu iliyo kwenye mihuri hiyo haiiti. Simu moja, dakika kumi, basi. Inaniuma mpaka leo.

Kuna vitu vingine nilivitazama kwa macho yangu na sikuvipa uzito. Mipira ya pedeli za klachi na breki ilikuwa mipya kabisa. Nilifurahi, nikadhani gari limetunzwa. Sasa jiulizeni: gari lililotembea 38,000 linabadilishiwa mipira ya pedeli kwa nini? Ngozi ya usukani ilikuwa imepakwa rangi upya, na ukingo wa nje wa kiti cha dereva, pale unapoburuza mwili ukiingia, ulikuwa laini kwa namna isiyofanana na kiti cha abiria. Kitu kipya mahali ambapo hakikupaswa kuisha kinasema mengi kuliko kitu kilichochakaa. Walichosahau ni mkanda wa dereva, uliokuwa umeota manyoya pembeni, na kioo cha mbele, ambacho ukikitazama dhidi ya jua kimejaa vitobo vidogo vya mchanga na kokoto. Vitobo vile havipatikani kwa matembezi ya Jumapili.

Tairi alisema mpya. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zangu za mbele ziliandikwa 2613, wiki ya 26 ya mwaka 2013. Kashata nzuri, mpira mgumu kama ubao.

Na injini je? Fundi aliingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi, akakuta mikwaruzo mirefu kwenye ukuta wa silinda ya 6. Huu ni ugonjwa unaojulikana kwenye injini hizi za lita 3.8 za 997 za mwanzo, na dalili zake ndizo zile: kelele ya asubuhi, masizi upande mmoja, kula oili. Ndiyo maana nilikuwa nakuta injini ya moto kila nilipokwenda. Ukifika ukakuta boneti ya nyuma ina joto, ondoka, rudi siku nyingine bila kutoa taarifa, na uliwashe mwenyewe likiwa la baridi.

Wengi mmesikia habari ya beringi ya shafti ya kati, ile inayojulikana kwa herufi IMS. Ipo kwenye 996 na kwenye 997 za mpaka 2008, ukiacha 911 za aina ya Turbo na GT3, ambazo zina injini ya ukoo mwingine, ile ya mhandisi Hans Mezger. Ikivunjika, mpangilio wa taimingi unapotea na vali zinagongana na pistoni. Muuzaji huyu anapenda sana kuizungumzia, na sasa naelewa ni kwa nini: unatumia muda wote kuuliza kuhusu beringi, hukumbuki kuuliza kuhusu kuta za silinda. Kwenye gari la 2006 kama langu beringi hiyo ni ile kubwa ya baadaye, ambayo haitolewi bila kupasua injini, kwa hiyo akikuambia "ilibadilishwa kwa siku moja" mwombe risiti ya kuifungua injini nzima. Hao wa Turbo na GT3 za zama hizo nao watazame mabomba ya maji ya kupozea yaliyogandishwa kwa gundi. Gundi ikiachia, maji yote yanamwagika barabarani.

Niseme na hili, kwa sababu limenibadilisha jinsi ninavyoyaangalia magari haya. Hata kama ile 38,400 ingekuwa ya kweli, sikupaswa kulilipia kiasi kile bila karatasi. Gari la michezo lililosimama miaka linaugua kwa njia yake. Sili za mpira zinakauka na kuvujisha, tairi zinapata bapa, petroli inaharibika ndani ya tangi, mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, ndiyo maana Porsche wanataka yabadilishwe kila miaka 2 hata kama gari halikutembea. Ferrari 360 ina mikanda ya taimingi inayobadilishwa kwa miaka, si kwa kilometa peke yake. Mtu akikuonyesha moja yenye kilometa 15,000 ambayo mikanda yake haijaguswa tangu kiwandani, amekuonyesha deni. Leo nikiwekewa 911 mbili, moja ya kilometa 130,000 yenye risiti za kila mwaka na mmiliki anayejibu maswali, nyingine ya 40,000 yenye hadithi nzuri, sihitaji hata kuliwasha la pili.

Na kushusha kilometa si vituko vya muuzaji mmoja. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria magari zaidi ya 450,000 kwa mwaka yanauzwa nchini humo yakiwa na odomita za uongo. Ubelgiji waliamua kwamba gari lililotumika haliuzwi bila cheti cha historia ya kilometa, Car-Pass, tangu 2006. Uingereza mtu yeyote anaweza kufungua historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari, bila malipo akaona kilometa au maili za kila mwaka. Kama gari unalolitaka limepita kwenye nchi zenye rekodi kama hizo, zitafute kabla hujakwenda kuliona.

Siku hizi pia kuna vifaa vidogo vinavyofungwa nyuma ya dashibodi ili odomita isihesabu kabisa gari likitembea. Hapo hakuna kilichoshushwa, kwa hiyo ukilinganisha na kilometa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya breki utakuta namba zinakubaliana. Saa za injini ndizo zinazobaki zikienda. Na zenyewe si mwisho wa maneno, kwa sababu kompyuta ya injini inaweza kubadilishwa nzima. Linganisha namba ya chasisi iliyohifadhiwa ndani yake na ile iliyo kwenye bodi, zote tarakimu na herufi 17.

Rangi alinidanganya kidogo tu. Kipimo cha unene kilionyesha mikroni 110 hadi 140 sehemu kubwa ya gari, na zaidi ya 600 kwenye ubavu wa nyuma kulia, yaani kuna puti. Ripoti yake yenye muhuri iliandika "rangi ya kiwandani pande zote". Gereji iliyotajwa juu ya ripoti hiyo haipo.

Mpaka sasa gari limekaa, injini imefunguliwa, nasubiri shauri. Nimehifadhi tangazo, ujumbe wote tulioandikiana, ripoti ya bandia, karatasi ya saa za injini na maelezo ya maandishi kutoka ile gereji ya muhuri wa tano. Watu wawili wameshanitafuta wakiwa na kisa kama changu, mmoja alinunua Porsche Boxster, mwingine 911 nyingine, na mihuri mitatu ya mwisho kwenye vitabu vyao ina namba ya simu ile ile isiyoita.

Kama umeshampa arbuni na hujamalizia malipo, usimalizie. Mwandikie, usimpigie, ili jibu lake libaki kwa maandishi: mwombe gari likaguliwe kwenye gereji unayoichagua wewe, likiwa la baridi, na karatasi ya saa za injini itolewe mbele yako. Akikuletea tena habari ya bima, piga picha ya jibu hilo, dai arbuni yako kwa maandishi, kisha nitumie ujumbe tuunganishe mashauri yetu.